Shule ya Autokrosi Haitakuokoa Thika Road

Ukinunua gari lako la kwanza Nairobi, watu wa aina mbili watakufikia kabla hujabadilisha hata oili. Wa kwanza ni yule anayekwambia uende ukafunzwe na watu wa mbio: siku moja au mbili uwanjani, vumbi, koni, mwalimu aliyewahi kushindana, na ukitoka hapo eti hakuna lori la Mombasa Road litakalokubabaisha tena. Wa pili ni yule anayecheka. Autokrosi? Hiyo ni michezo ya watoto wa Karen. Kuendesha ni roho, msee. Ama unayo ama huna.

Wote wawili wanakudanganya, ila uongo wa mmoja ni hatari kuliko wa mwenzake.

Niseme msimamo wangu mapema ndiyo usome ukijua unabishana na nani. Shule ya autokrosi ina thamani, na thamani hiyo ni kubwa kuliko wanavyodhani wanaocheka. Lakini si usalama barabarani. Anayekuuzia kama usalama anakuuzia kitu ambacho hana kwenye rafu. Na katika nchi inayozika zaidi ya watu 4,000 kila mwaka kwa ajali za barabarani, huo si uongo wa kawaida wa biashara. Ni kama duka la dawa kukupa maji ya rangi ukiwa na malaria.

Tuanze na mchezo wenyewe, kwa sababu wengi wanaupigia domo bila kuuona. Autokrosi ni mbio dhidi ya saa. Hupigani bega kwa bega na mtu. Unaingia kwenye njia iliyochorwa, unaizunguka, unatoka, na saa inasema ukweli. Marekani huchora njia kwa koni za plastiki kwenye uwanja mkubwa wa kuegesha magari. Raundi moja ni kama dakika moja hivi, na kila koni unayogonga unaongezewa sekunde 2. Kwetu ni udongo na vumbi, kona za kubana kama zile za Jamhuri Park, na magari yamegawanywa kwa madaraja: yenye turbo na yasiyo na turbo, ya kuvuta kwa magurudumu mawili na ya manne, mabagi yaliyochomelewa karakana, hadi madaraja ya watoto yanayoitwa Bambino na Pee Wee. Kasi yenyewe si ya kutisha. Mara nyingi hata gia ya nne huifikii. Kinachopimwa ni namna unavyoingia kwenye kona, unavyotoka, na ulichofanya kwa miguu na mikono katikati.

Sasa linganisha na shule iliyokupa leseni.

Mkenya hujifunza kuendesha juu ya kibao. Kuna mji mdogo umechorwa, na gari la kuchezea unalolisukuma kwa kidole huku ukieleza unaelekea wapi na utaacha nini upande gani. Halafu kuna masomo ya barabarani, wanafunzi watatu au wanne ndani ya gari moja, mmoja ameshika usukani na wengine wamebanana nyuma wakingoja zamu, mwalimu ana pedali zake za dharura na simu yake mkononi. Halafu siku ya mtihani: unasukuma kigari, unasoma alama za barabarani, unaendesha mwendo mfupi ukiomba Mungu injini isizimike, umemaliza. Unapewa ruhusa ya kuendesha tani moja ya chuma katikati ya watoto wanaotoka shule.

Katika safari hiyo yote kuna jambo moja ambalo karibu hakuna aliyekwambia ufanye: kukanyaga breki mpaka mwisho. Kwa nguvu zote, kama mtu anayeua mende. Kwa hivyo siku ya kwanza utakayofanya hivyo ni siku mtoto amekimbilia mpira barabarani. Mguu wako utahisi pedali ikitetemeka na kunguruma, hiyo ni ABS ikifanya kazi yake, na wewe utadhani gari limevunjika, utaachilia. Hiyo nusu sekunde ya kushangaa si dogo. Kwa kilomita 50 kwa saa gari linakula karibu mita 14 kila sekunde. Nusu yake ni mita 7, ambazo ni zaidi ya urefu wa gari lenyewe.

Hapo ndipo wauzaji wa mafunzo ya mbio hupata wateja, na siwalaumu kwa kuona pengo. Pengo lipo, ni kubwa, na limeachwa wazi na watu wanaolipwa mshahara kulifunga. Mwalimu mzuri wa autokrosi atakufunza asubuhi moja mambo ambayo dereva wa miaka 20 hajui ana upungufu nayo. Atakwambia macho yako yaende mbele, kwenye kona inayofuata, kwa sababu mikono hufuata macho. Ukitazama koni unayoogopa, utaigonga. Atakueleza kwamba gari zima limeshika ardhi kwa vipande vinne vya mpira, kila kimoja kama kiganja cha mkono, na kwamba vipande hivyo vina kazi moja tu ya kugawanya: ukivitumia vyote kwa breki, hakuna kilichobaki cha kukata kona. Utajifunza kwamba ukikanyaga breki uzito wa gari unakuja mbele, mkia unakuwa mwepesi, na ukikata usukani kwa pupa hapo ndipo nyuma inapoomba ruhusa ya kukupita. Utajifunza kupunguza kasi kabla ya kona badala ya ndani yake. Na utajifunza, kwa aibu, kwamba raundi uliyohisi kama umeruka na ndege ilikuwa ya polepole kuliko ile uliyoona ya kuchosha. Kuteleza na kurusha vumbi ni kupoteza muda. Saa haipigi makofi.

Yote hayo ni kweli. Kwa nini basi nasema si usalama?

Kwa sababu wengine walishajaribu kabla yetu, wakapima, na majibu hayakuwapendeza. Mwaka 1979 Norwei iliongeza awamu ya pili ya mafunzo kwa madereva wapya, ikiwemo kuendesha kwenye utelezi. Wazo lilikuwa safi kabisa. Nchi ina theluji na barafu, vijana wanateleza wanakufa, basi wafunzwe kuokoa gari linapoteleza. Mtafiti Alf Glad alipochapisha tathmini yake mwaka 1988, vijana wa kiume waliopitia mafunzo hayo ya utelezi walikuwa na ajali nyingi zaidi kwenye barabara telezi, si chache. Soma tena sentensi hiyo. Na si Norwei peke yake iliyojiuliza. Kundi la watafiti wa Cochrane, wale wanaokusanya majaribio ya kitaalamu kutoka kote na kuyapima kwa pamoja, walikusanya majaribio 24 ya kuwafunza watu ambao tayari wana leseni. Hawakupata ushahidi kwamba mafunzo ya ziada yanazuia ajali wala majeraha.

Ukikaa chini ukafikiria, haishangazi. Ujuzi wa kuokoa gari ni kama kupiga gitaa: usipofanya mazoezi, unakufa. Miezi sita baada ya mafunzo, kama hujarudi uwanjani, kilichobaki mikononi ni kidogo sana. Lakini ile imani kwamba unaweza haipungui hata chembe. Unabaki na cheti, video tatu za TikTok na moyo wa simba. Mtu aliyekuwa akipunguza mvua ikinyesha sasa hapunguzi, kwa sababu yeye alifunzwa. Ujuzi umeyeyuka, kiburi kimeganda. Huo ndio mchanganyiko uliowaangusha vijana wa Norwei, na sijaona sababu kijana wa Roysambu awe tofauti.

Kuna jambo la pili, na hili ni la kwetu zaidi. Angalia nani anakufa. Kuliko kundi lingine lolote la watumiaji wa barabara Kenya, wanaokufa ni watembea kwa miguu. Mama anayevuka Thika Road saa moja jioni na mfuko wa sukuma hafi kwa sababu dereva hakujua kurekebisha mkia wa gari. Anakufa kwa sababu dereva alikuwa kwenye mwendo ambao hakuna mwalimu duniani angeweza kuusimamisha, au alikuwa amelewa, au alikuwa anajibu ujumbe. Kwa kilomita 100 kwa saa gari linakwenda karibu mita 28 kwa sekunde. Sekunde 2 za kusoma "uko wapi" ni mita 56 za kuendesha kipofu. Na ukiongeza mwendo mara mbili, umbali wa kusimama kwa breki haujaongezeka mara mbili, umeongezeka mara nne. Hiyo ni fizikia ya kidato, haihongeki. Hakuna darasa la koni linalotoa simu mkononi mwako. Hakuna mstari mzuri wa kona unaopunguza pombe kwenye damu.

Kwa hivyo ukiona tangazo linalosema mafunzo ya mbio yatakufanya dereva salama, uliza swali moja tu: salama kwa nani? Kwa sababu anayelipa gharama ya imani yako mpya hayuko ndani ya gari. Yuko kando ya barabara, amebeba sukuma.

Nikifika hapa wale wa roho-msee wanaanza kutabasamu. Si tulisema? Pesa za bure. Ngojeni, nanyi mna kesi yenu.

Mnaosema kuendesha ni kipaji mnasahau kuuliza kipaji hicho kilipatikana wapi. Carl Tundo, mmoja wa madereva wakali kuwahi kutoka nchi hii, ni mtoto wa Frank Tundo, aliyekuwa dereva wa mbio. McRae Kimathi, aliyekwenda kushindana kwenye theluji ya Uswidi mwaka 2022 katika mashindano ya dunia, ni mtoto wa Phineas Kimathi, aliyeshindana mwenyewe na baadaye akaongoza shirikisho la michezo ya magari nchini. Sisemi hawakustahili. Hakuna baba anayeweza kukukanyagia breki kwenye barafu. Nasema walikuwa na shule. Ilikuwa nyumbani, ilianza mapema, na haikutoa risiti. Mtoto wa Bambino anayezunguka uwanja kabla hajamaliza shule ya msingi atafika miaka 20 akiwa amekula masaa ya usukani ambayo wewe huwezi kuyapata hata ukiuza figo.

Hata Joginder Singh, ambaye wazee wetu humtaja kama malaika wa barabara, hakushuka na roho tu kutoka mbinguni. Alizaliwa Kericho, akakulia kwenye magari kwa sababu baba yake alikuwa na karakana, kisha akafanya kazi ya kuzunguka barabarani kusaidia magari yaliyokwama, kwenye chama cha wenye magari cha enzi hizo. Aliposhinda Safari mwaka 1965, yeye na ndugu yake Jaswant walikuwa kwenye Volvo PV544 iliyokuwa imeshatumika. Akashinda tena 1974 na 1976. Watu husimulia hadithi ya gari kuukuu ili kusema kwamba pesa si kitu. Mimi nasikia hadithi nyingine: mtu aliyekuwa na gereji ya baba, kisha akalipwa mshahara wa kukaa barabarani kutwa. Roho alikuwa nayo. Masaa pia alikuwa nayo.

Basi hapo ndipo thamani ya kweli ya shule ya autokrosi ilipo. Ni baba wa kukodi. Kwa mtu ambaye nyumbani kulikuwa na baiskeli moja na mzee aliyepanda matatu maisha yake yote, siku mbili uwanjani na mtu anayejua ni mlango wa pekee wa kuingia kwenye mchezo ambao wengine walizaliwa ndani yake. Kama unataka kushindana, hata kwa kushika mkia, nenda. Kama unataka tu raha ya kujua gari lako linafanya nini linapofika mwisho wa uwezo wake, nenda pia. Raha ni sababu ya kutosha. Tunalipia Netflix, tunalipia nyama choma Kenyatta Market, hakuna anayetuuliza zimeokoa maisha ya nani. Ajabu ni kwamba kijana wa Kenya hawezi kutumia pesa kwa raha bila kuivalisha sare ya faida. Lazima iwe uwekezaji. Lazima iwe ujuzi. Lazima mathe aambiwe ni mambo ya usalama. Sema tu unapenda, manze.

Na ukienda, nenda na kalkuleta. Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, kwa hivyo tofauti ya kulipia elimu na kulipia karatasi naijua kwa bei ya rejareja. Shule yoyote ya kuendesha inauza kitu kimoja: dakika za usukani ukiwa na mtu anayekusahihisha. Mengine yote, fulana, chakula cha mchana, picha, cheti, ni karatasi ya kufungia. Kwa hivyo usiulize bei. Uliza dakika, halafu gawa.

Tuseme, kwa hesabu tu, shule ya kwanza inataka shilingi 20,000 na utapata raundi 12 za dakika moja na nusu. Hizo ni dakika 18, kila dakika zaidi ya shilingi 1,100. Shule ya pili inataka 30,000 lakini utapata raundi 30 za urefu uleule. Hizo ni dakika 45, kila dakika kama shilingi 670. Ya ghali ndiyo ya bei nafuu. Na kama mwalimu wa shule ya kwanza husimama kando akipunga mkono wakati wa pili hukaa ndani ya gari lako raundi baada ya raundi, basi hata hiyo hesabu inaipendelea ya kwanza. Siku ya mashindano ya kawaida unaweza kushinda juani kutwa nzima ukapata dakika chache tu za kuendesha. Faida ya shule ni kwamba zile raundi zinakuja moja baada ya nyingine, kosa likiwa bado moto kichwani. Shule isiyokupa hivyo haina faida hiyo.

Ongeza na gharama ambazo hazijaandikwa kwenye bango. Tairi zitalika. Breki zitanuka. Bushi zilizokuwa zikilia polepole zitaanza kupiga kelele. Halafu toa mkataba wako wa bima usome yale maandishi madogo: kwa kawaida bima ya gari haifidii mashindano ya mbio wala majaribio ya kasi. Kabla hujaingia uwanjani na gari linalokupeleka kazini, waulize watu wa bima kwa maandishi kama siku ya mafunzo wanaihesabu vipi. Wakisema hawalipi, basi bei ya kozi imekuwa bei ya kozi pamoja na hatari ya gari lenyewe. Ni uamuzi wako, ila ufanye macho wazi.

Na kuna watu ambao jibu kwao ni hapana, bila kupepesa. Kama tairi zako zimeisha meno, pesa ya shule ni pesa ya tairi. Hiyo ni safu ya kwanza ya usalama na haihitaji mwalimu, inahitaji fundi. Kama bado ukirudi nyuma unashika jasho, tafuta mtu mvumilivu na uwanja mtupu kwanza; autokrosi si mahali pa kujifunzia klachi. Kama hujawahi hata kwenda kuangalia mashindano, nenda. Kaa kwenye vumbi kutwa, jitolee kusaidia kusimamisha koni au kushika bendera wakikukubali, omba kukaa kiti cha abiria kanuni zao zikiruhusu. Utajifunza nusu ya darasa la kwanza bila kulipa, na utajua kama ni mchezo unaoupenda au ni sauti ya turbo tu inayokubamba. Na kama unataka kwenda ili upate cha kuposti, hifadhi pesa yako. Vumbi lipo Kitengela bure.

Waliobaki, wenye tairi nzuri, mfuko ulio tayari na hamu ya kweli, nendeni. Lakini mwulize mwalimu swali moja kabla hujalipa: baada ya mafunzo yako, watu hurudi barabarani wakiendesha kwa kasi zaidi au polepole zaidi? Akijibu kwa kujigamba kwamba wanafunzi wake hawaogopi tena, ondoka. Mwalimu anayefaa atakwambia kwamba kazi yake ni kukuonyesha mahali gari linapokataa kutii, na kwamba mahali hapo pako karibu kuliko ulivyodhani. Darasa la kukufanya mkali na darasa la kukuonyesha ukuta yanaweza kutumia koni zilezile, uwanja uleule, siku ileile. Tofauti ni unavyoendesha Jumatatu.

Lakini kuna mtu wa tatu ambaye hajatajwa, naye ndiye anayenikera kuliko hao wawili: yule aliyeamua kwamba mambo haya yote yawe ya kulipia.

Nchi hii inajua kutafuta pesa za magari ikitaka. Safari ilianzishwa mwaka 1953 kusherehekea kutawazwa kwa Malkia wa Uingereza. Ilitoka kwenye mashindano ya dunia baada ya 2002, na serikali ikahangaika miaka kuirudisha hadi iliporudi mwaka 2021 kule Naivasha. Ilirudi kwa pesa za umma, helikopta, mawaziri wamevaa jaketi za mbio, hotuba kuhusu vijana na talanta. Vizuri. Mimi pia nilishangilia. Lakini kijana wa Umoja mwenye Vitz hana mahali hata pamoja, halali na salama, pa kukanyaga breki mpaka mwisho aone kinachotokea. Kwa hivyo anafanyia Bypass saa sita usiku, na wenzake wanashika simu wakirekodi. Tunamwita mhuni. Ni mhuni, ndiyo. Ila tumempa machaguo mawili: alipe kozi asiyoweza kulipa, au afunge barabara.

Mtu ataniuliza: si umesema mafunzo hayapunguzi ajali, sasa unadai serikali iyalipie? Sijidanganyi. Sidai takwimu zitashuka mwaka kesho. Nadai mambo mawili tofauti, na kila moja lina sababu yake. La kwanza, mtu asipewe leseni ya mashine ambayo hajawahi kuisimamisha kwa nguvu. Kusimama kwa dharura kuwe sehemu ya mafunzo ya kawaida, kwenye uwanja uliofungwa, kabla ya leseni, kwa kila mtu. Hiyo si mbio wala utelezi. Ni kusoma na kuandika kwa dereva. Badala ya kusukuma kigari kwa kidole kwa masaa, mtu akanyage breki halisi mara kumi. La pili, kaunti na wasimamizi wa viwanja wafungue sehemu za kuegesha magari asubuhi za Jumapili ambazo hazina kazi, kwa ada ndogo, chini ya vilabu vinavyojua kanuni. Pale Kasarani kuna lami pana ambayo siku nyingi hulindwa na bawabu na paka wawili. Hiyo ya pili haihitaji kisingizio cha usalama. Ni mchezo. Hakuna anayeuliza uwanja wa mpira wa Kariobangi umepunguza vifo vingapi.

Mpaka siku hiyo ifike, uamuzi ni wako na M-Pesa yako. Ukinunua raha, umenunua kitu halali. Ukinunua nafasi ya kuingia mchezo usiourithi, umenunua kitu adimu, na usikubali mtu yeyote akucheke. Ukinunua dakika nyingi na mwalimu anayekaa kando yako, umenunua vizuri. Ila ukinunua kinga, umeibiwa mchana. Kinga iko kwenye vitu ambavyo hakuna anayeviuza kwa sababu havina picha nzuri: simu ibaki mfukoni, funguo ibaki mezani ukinywa, mguu upungue pale watu wanapovuka, tairi zibadilishwe kabla hazijakukumbusha zenyewe. Hivyo vyote ni vya bure isipokuwa tairi.